Mchezo wa Mabeseni

Jumatatu, Machi 4

Wanne kati yetu kumi na mmoja ndio watakaoingia hatua ya pili ya kozi, Mwalimu ametangaza leo asubuhi akiwa amesimama mlangoni, mwavuli ukimchuruzikia viatuni. Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Wanne hao watatengeneza mchezo wa kompyuta kwa ajili ya studio moja hapa mjini, na studio hiyo ina desturi ya kuwabakiza kazini. Wengine watapewa cheti cha kushiriki.

"Cheti cha kushiriki kinafaa kufunikia glasi," amesema Mwalimu.

Masharti yenyewe ni haya. Mwisho wa Aprili kila mmoja atakuwa na mchezo wake uliokamilika. Kwa kila mchezo Mwalimu ataleta wageni watatu kutoka mtaani, watu wasiotujua. Kila mgeni atapewa robo saa mbele ya kompyuta. Aliyetengeneza mchezo atakaa nyuma ya mgeni, mikono ameikalia, mdomo ameufunga. Akitamka neno au akinyoosha kidole, mgeni huyo hahesabiwi. Wageni wawili wakifika mwisho wa mchezo, umefaulu.

"Mchezo unajieleza wenyewe," amesema. "Nyumbani kwa mteja hutakuwepo kueleza."

Mimi ndiye mkubwa kuliko wote darasani, na Mwalimu nimemzidi umri. Gazeti nililoliandikia tangu usichana lilifungwa mwaka jana. Kijana mmoja mwembamba, wanayemwita Chapuchapu kwa jinsi anavyoandika msimbo wa kompyuta, amenisogezea kiti.

"Karibu, shangazi. Umekuja kumwandikisha mtoto?"

Nimemwambia nimejiandikisha mwenyewe.

"Basi nitakaa karibu nawe. Nikikwama, wewe utanipigania kwa Mwalimu, una sura ya kuogopwa."

Jumatano, Machi 6

Kazi ya kila wiki ni kucheza mchezo wa mtu mwingine na kuandika mkono ulikaza wapi, yaani mchezo ulikushinda mahali gani. Leo ulikuwa mchezo wa lori mlimani. Nimegonga ukuta uleule hadi zamu yangu ikaisha. Mkono ulikaza mahali pote.

Ijumaa, Machi 8

Tumetakiwa tuje na wazo. Wenzangu wana majeshi na mazimwi. Mimi sikuwa na kitu mpaka jana jioni mvua iliponyesha na paa la chumba cha Mama likavuja tena. Tulisimama wote wawili na mabeseni. Ukiweka hapa, linavuja pale. Ukibeba lililojaa kwenda kumwaga, lile lililobaki tupu liko chumba kingine.

Mama alisema, "Hii nyumba inatuchezea."

Basi huo ndio mchezo: vyumba vitatu, mabeseni manne, mvua inayozidi. Maji yakifunika sakafu, umeshindwa. Mvua ikikatika sakafu ikiwa kavu, umeshinda. Chapuchapu ameuliza adui ni nani. Nimemjibu ni paa.

"Shangazi, paa halina sura."

"Ndiyo maana halihongeki."

Mwalimu ameandika "endelea" pembeni ya karatasi yangu.

Jumatano, Machi 13

Mhariri wangu wa zamani amepiga simu. Kuna nafasi ya msemaji katika kiwanda cha saruji, na mkurugenzi ni rafiki yake. Kazi ni kuwaeleza waandishi kwamba vumbi si la kiwanda. Jibu linatakiwa kabla Aprili haijaisha.

"Unajifunza michezo, kweli?" ameuliza. "Ile ya watoto?"

Nimemwambia nitampigia.

Jumanne, Machi 19

Mchezo wa kuruka kutoka jengo hadi jengo. Nimeona jambo: nilikuwa nimechelewa kubonyeza, mguu umeshatoka ukingoni, na bado mchezo ukanirukisha. Nikadhani ni hitilafu. Mwalimu amesema si hitilafu. Aliyeutengeneza aliacha nafasi ndogo baada ya ukingo, isiyoonekana, kwa sababu jicho la mtu huchelewa kidogo na mkono huchelewa zaidi.

"Mchezo mzuri humdanganya mchezaji kwa faida yake," amesema. "Mbaya humwambia ukweli mtupu, naye anazima kompyuta."

Ijumaa, Machi 22

Mvua wiki nzima. Chapuchapu amefungua mchezo ambao kampuni iliufunga ili msimbo wake usiguswe, akajipa uhai usioisha, akatuonyesha. Wote wamepiga makofi. Mwalimu hakupiga.

Jumatano, Machi 27

Mchezo umesimama kwa miguu yake. Nyumbani ninatumia kompyuta niliyokuwa nikiandikia habari. Gazeti lilipofungwa kila mmoja aliruhusiwa kubeba yake. Ni nzito, ina kelele, na feni yake ya ndani huvuma kama mgonjwa wa pumu, lakini inafanya kazi.

Nimemkalisha Mama. Nimekaa nyuma na kuikalia mikono, kama tunavyofunzwa.

"Huyu mtu mdogo ndiye mimi?"

Sikujibu.

"Nakuuliza wewe."

Sikujibu.

"Haya. Umri huu nimenuniwa na mwanangu ndani ya nyumba yangu."

Mara ya kwanza alishindwa kwenye mvua ya kwanza, ya pili akaivuka, na mara ya nne akafika mwisho. Dhoruba, sehemu ngumu kuliko zote, aliivuka akiwa ameuma ulimi.

Jumanne, Aprili 2

Mama amemaliza tena, mara mbili mfululizo. Jirani naye amemaliza. Fundi aliyekuja kutazama paa amemaliza, na paa hakulitazama. Naanza kuamini.

Ijumaa, Aprili 5

Jaribio la darasa. Mchezo niliouleta jana kwenye flashi tumeunakili kwenye kompyuta ya darasa, ukiwa umefungwa kabisa, yaani unachezeka ila msimbo wake hausomeki. Wenzangu sita wamecheza mmoja baada ya mwingine. Wote wamezama kwenye dhoruba. Mabeseni yalijaa kabla hawajafika mlangoni. Wa mwisho, msichana anayeweza kumaliza mchezo wowote akiwa anakula karanga, ameondoa mikono kwenye kibodi na kusema, "Hii haimaliziki. Samahani, dada, lakini haimaliziki."

Chapuchapu alicheka. Hakucheka sana, lakini alicheka.

Mwalimu ameniuliza kama mimi mwenyewe ninaweza. Nimekaa, nami nimezama.

Jumamosi, Aprili 6

Nyumbani, kompyuta ileile ya siku zote: nimemaliza. Mama amemaliza. Namba za dhoruba kwenye msimbo ni zilezile nilizoziweka.

Kwa hiyo ulioletwa darasani si huu.

Jumatatu, Aprili 8

Nimekagua flashi. Folda ya mchezo inaonyesha ilibadilishwa Alhamisi alasiri. Alhamisi alasiri nilikuwa nimempeleka Mama kliniki ya macho, na flashi niliiacha darasani juu ya meza. Mla karanga anasema aliyekuwa kwenye kompyuta yangu ya darasani saa ile ni Chapuchapu.

Naenda kulala nalo.

Jumanne, Aprili 9

Naandika yaliyosemwa kama yalivyosemwa.

Nilisimama kabla ya Mwalimu kuanza somo. Niliuliza nani aligusa flashi yangu Alhamisi.

Chapuchapu aliinua mkono palepale. "Mimi, shangazi. Uliisahau. Nikaicheza."

"Ukaibadilisha."

"Nibadilishe nini? Umefungwa ule."

"Wewe si ndiye hodari wa kufungua vilivyofungwa? Ulituonyesha."

Alitazama kulia na kushoto kama mtu anayetafuta aliyesemeshwa nyuma yake. "Unasema kweli, au ni utani?"

"Folda ilibadilishwa Alhamisi alasiri. Ijumaa mchezo wangu ukaharibika. Nyumbani ni mzima."

"Jamani, nimekiri kucheza. Kucheza ni kosa katika darasa la michezo?"

Wawili walicheka. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza, "Una nini zaidi ya tarehe?"

"Amekiri mwenyewe kuugusa."

"Nimekuuliza zaidi ya tarehe."

"Nafasi ni nne," nilisema. "Tuko kumi na mmoja. Sababu anayo."

Hapo Chapuchapu alisimama. Si mrefu, lakini alisimama kwa namna iliyowafanya walio karibu wavute viti. "Mimi nikuogope wewe? Na mabeseni yako?" Sauti ilimpanda. "Niliucheza kwa sababu niliupenda, mama wewe. Nikazama mara tano nikasema kesho nitamuuliza anapitaje."

Hakuniita shangazi.

Mwalimu alisema sheria ya darasa inajulikana: anayeharibu kazi ya mwenzake anatoka. Uamuzi atautoa Ijumaa ya tarehe 19 baada ya kuukagua mchezo. Mpaka hapo Chapuchapu haruhusiwi kugusa kompyuta za darasa, na mchezo wake bado haujaisha. Alikusanya vitu vyake. Daftari lake lilianguka, na hakuna aliyeinama kuliokota. Akaliokota mwenyewe.

Mvua ilinyesha hadi tulipotoka. Hakuna aliyenipa nafasi chini ya mwavuli wake.

Jumatano, Aprili 10

Darasani hakuna anayeongea nami. Si kwamba wananilaumu. Wanaficha flashi zao.

Alhamisi, Aprili 11

Mchezo wa mafumbo ya masanduku. Mkono haukukaza mahali popote. Sikuwa nikiangalia.

Ijumaa, Aprili 12

Mwalimu amejaribu kuufungua mchezo uliomo kwenye flashi ili auchunguze ndani. Anasema inachukua muda. Ameniuliza kama nimejaribu kuicheza nakala hiyo ya flashi kwenye kompyuta ya nyumbani.

Nimemwambia hapana. Sikutaka kuigusa, ni ushahidi.

Alinitazama kidogo. Akasema, "Sawa," akaondoka.

Jumapili, Aprili 14

Swali lile la Mwalimu lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo alasiri, baada ya chakula, nimechomeka flashi kwenye kompyuta ya nyumbani, nikaunakili mchezo ili ushahidi wenyewe usiguswe.

Mama alikuwa ameshavuta kiti. "Niachie mimi kwanza. Wewe unacheza kama unaandika barua ya malalamiko."

Nimekaa nyuma yake. Nilikuwa na hakika atazama.

Alivuka mvua ya kwanza. Alivuka ya pili. Dhoruba ilipoanza, feni ya kompyuta ilianza kuvuma, na picha ikawa nzito kama kawaida yake. Mama akalegeza vidole. Akapumua. Akabeba beseni la chumba cha kulala, akalimwaga, akarudi, akalitegesha. Akamaliza.

Nakala ileile. Ile ya flashi. Ile iliyowazamisha watu sita na mimi.

"Mama," nilisema, "pale kwenye dhoruba, mbona umelegeza mikono?"

"Si ndipo inapopumzika? Mvua ikiwa kali, kompyuta yako inachoka. Mambo yote yanakwenda taratibu. Ndipo mtu anapata nafasi ya kufikiri." Alinitazama. "Hukuweka wewe makusudi? Nilikuwa nakusifia kwa jirani."

Sikuweka mimi. Hakuna aliyeweka.

Nimeyaandika ili yawe wazi. Kila tone la mvua katika mchezo wangu ni kitu ambacho kompyuta lazima ikichore. Matone yakiwa machache, kompyuta ya nyumbani inayamudu. Dhoruba ikija, matone yanakuwa mengi mno, kompyuta inazidiwa, na kwa jinsi nilivyouandika mchezo, ikizidiwa yenyewe vyote vinapungua kasi pamoja nayo: matone, maji yanayojaa besenini, hata saa ya mchezo. Kompyuta za darasani ni mpya. Hazizidiwi na kitu. Pale dhoruba inakuja kwa kasi yake kamili, na kasi hiyo hakuna binadamu anayeiweza. Mimi niliupima ugumu wa mchezo wangu kwa uchovu wa kompyuta moja.

Na tarehe? Nimefungua folda ya kwenye flashi na kutazama kilichobadilika. Ni faili moja tu, la alama. Mchezo huliandika wenyewe kila mtu anapoufunga. Ndani yake kuna alama za mtu aliyezama kwenye dhoruba mara tano.

Katika miaka yote ya kazi sikuchapisha jina la mtu kabla sijamwuliza faraghani. Huyu nilimwuliza mbele ya darasa, baada ya kuhukumu.

Mama ameuliza kama nataka chai. Nimesema hapana. Ameileta.

Jumatatu, Aprili 15

Nimefika mapema, nikamweleza Mwalimu mlangoni. Amenisikiliza hadi mwisho.

"Unajua sheria ina upande wa pili," alisema. "Anayemshtaki mwenzake bure, anapoteza mgeni mmoja."

Nilijua. Wageni wawili badala ya watatu, na wanaohitajika ni wawili. Hakuna nafasi ya kukosa hata mmoja. Mwalimu alisema pia kwamba bado hajaufungua mchezo, na huenda asingeufungua kabla ya tarehe 19. Sijui kwa nini aliniambia hilo. Nadhani alitaka nijue kwamba mlango wa kunyamaza ulikuwa bado wazi, kisha aone kama nitaupita.

Nilimwomba amwite Chapuchapu. Alikuja na koti lililolowa, hakuketi.

Nilisema mbele ya wote: "Nilichosema Jumanne si kweli. Hakubadilisha chochote. Kosa ni la mchezo wangu."

"Sema tena," alisema Chapuchapu. "Walioko nyuma hawajasikia."

Nilisema tena.

"Na lile la sababu? Kwamba nina sababu?"

"Nalo si kweli."

Alitikisa kichwa taratibu. "Siku tano, mama. Sijagusa kompyuta siku tano. Mchezo wangu una kiwango kimoja ambacho mlango haufunguki." Akaenda kukaa mbali, karibu na dirisha, akaanza kuandika. Vidole vyake ndivyo vilivyosikika darasani hadi saa sita.

Jumatano, Aprili 17

Nimetenganisha kasi ya mchezo na kasi ya kompyuta. Sasa dakika ya mchezo ni dakika moja popote. Nyumbani na darasani ni sawa.

Ni sawa kwa ubaya. Mama amezama nyumbani.

"Umeiharibu," amesema.

Ijumaa, Aprili 19

Nimepunguza mvua ya dhoruba. Mama amemaliza bila kuketi vizuri.

"Hii si dhoruba. Haya ni manyunyu. Nani ataacha kazi zake kuja kucheza manyunyu?"

Jumamosi, Aprili 20

Umeme haupo tangu asubuhi. Mvua ipo.

Jumatatu, Aprili 22

Mvua nimeirudisha yote. Sikugusa tone. Nilichokifanya ni kuandika ule uchovu kwa mkono: radi ikipiga, saa ya mchezo inapungua kasi hadi nusu, sauti ya mvua inashuka na kuwa nzito, kisha taratibu vyote vinarudi. Mchezaji hatajua kwamba amepewa nafasi. Atadhani ameipata.

Darasani, mla karanga ameucheza. Amezama mara mbili, ya tatu akapita. Amenipa karanga.

Chapuchapu alisimama nyuma yetu dakika nzima akitazama. Niligeuka, akaenda zake.

Ijumaa, Aprili 26

Mhariri amepiga. Kiwanda kinataka jibu leo. Wageni ni Jumatatu. Nimemwomba asubiri hadi Jumatatu jioni.

"Hawasubiri. Wana mwingine mkononi. Ndiyo au hapana?"

Mama alikuwa mezani akichambua mchele, uso ameuinamisha kwenye sinia kama mtu asiye na masikio.

Nimemwambia hapana.

"Kwa ajili ya mabeseni," alisema Mhariri.

"Ndiyo, kwa ajili ya mabeseni."

Simu ilipokatika Mama alisema, "Mimi sijasema kitu." Nikamwambia najua. "Ila ukianguka, usinishike mguu." Akaendelea kuchambua.

Jumatatu, Aprili 29

Wageni waliingia mmoja mmoja kutoka kwenye mvua. Kwa mpangilio wa majina mimi nilikuwa wa nane. Katika sita wa mwanzo walifaulu wawili: mla karanga, na kijana wa mazimwi. Chapuchapu alikuwa wa saba. Mgeni wake wa kwanza alifika mwisho. Wa pili alikwama mlangoni, kwenye ule mlango aliousema, akauacha. Nilimwona Chapuchapu akiikalia mikono hadi mabega yakapanda masikioni. Wa tatu alizunguka, akaupata ufa wa mlango, akapita. Alifaulu kwa mgeni wa tatu, ambaye mimi sikuwa naye.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mwanamke anayesoma mita za maji. Alivua buti mlangoni, akaketi, akazama mara moja, kisha akacheza kama aliyewahi kuishi katika nyumba ile. Alipomaliza aliuliza, "Na ya vyumba vinne ipo?" Sikuruhusiwa kumjibu.

Wa pili ni kinyozi wa mtaa wa nyuma. Alikuja na aproni yake, nywele za mteja zimeganda begani. Mwalimu alimwonyesha kiti, akabonyeza saa.

Alizama kwenye mvua ya pili. Tatizo lake lilikuwa moja, nami nililiona kwa dakika mbili: hakuweza kuliacha beseni lenye maji nusu. Kila alipoliona na maji kidogo alilikimbilia akalimwaga, na nyuma yake lililojaa likafurika. Ni mtu asiyependa kuona kitu kimebaki nusu. Maneno manne yangetosha. Niliyashikilia mdomoni.

Simu yake ikaita. Aliichukua. "Niko kazini. Ndiyo, kazini. Nacheza." Mtu wa upande wa pili alisema kitu. "Mwambie anisubiri, nusu ya kichwa haimdhuru." Akaiweka.

Alizama tena. Akarudisha kiti nyuma. "Hii nyumba ingekuwa yangu," alimwambia Mwalimu, "ningehama."

Mwalimu alitazama saa. Mimi nilitazama kiti. Kikisogea tena nyuma, nimekwisha. Aliangalia mlango, akaangalia skrini. Akavuta kiti mbele.

Mara ya tatu alianza kwa hasira, kisha mkono ukatulia. Kwenye mvua ya pili alilipita beseni lenye nusu. Aliligeukia kidogo, akaliacha. Akaenda kwenye lililojaa. Akavuka.

Dhoruba. Radi ikapiga. Saa ya mchezo ikapungua, sauti ikashuka. Kinyozi aliinamia skrini, pua karibu kugusa kioo. "Aha," alisema polepole. "Aha. Ngoja kwanza." Akamwaga la sebuleni, akarudi. Akachukua la chumba cha kulala. Kasi ikarudi taratibu, naye alikuwa ameshafika mlangoni. Maji yalikuwa yamefika ukingo wa beseni. Tangu kasi inaporudi hadi mvua inapokatika ni muda mfupi, niliupima mwenyewe, lakini leo haukuwa mfupi.

Mvua ikakatika skrini nzima. Sakafu kavu.

Kinyozi akapiga meza. "Wallahi nimeiweza! Mmeona? Mmeona nilivyoliacha lile la nusu?" Akamgeukia Mwalimu, akanigeukia mimi. "Huyu mama vipi, hawezi kusema?"

"Sasa anaweza," alisema Mwalimu.

Nilijiinua kidogo kitini. Mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Waliobaki watatu hawakufaulu. Nje mvua ilikuwa imekonda.

Jumanne, Aprili 30

Nimelala mchana. Mama amewaambia majirani.

Alhamisi, Mei 2

Walioingia hatua ya pili ni wanne, Mwalimu amesema leo saa nne: mla karanga, kijana wa mazimwi, Chapuchapu, na mimi. Hatua ya pili hufanywa kwa jozi, na jozi amezipanga yeye. Mla karanga na kijana wa mazimwi. Chapuchapu na mimi.

Chapuchapu alimfuata ofisini. Mlango ulibaki wazi, na sikuhitaji kusikiliza ili nisikie.

"Nipe yeyote. Nipe nikae peke yangu."

"Studio haichukui mtu mmoja mmoja."

"Alinichafua mbele ya watu."

"Akakusafisha mbele ya watu haohao, akalipa mgeni. Wewe mlango wako ulifunguliwa na mgeni wa tatu, yeye hakuwa naye." Droo ikafungwa. "Kama hutaki, nafasi ni yako kuiacha. Sitampanga mwingine."

Alitoka, akanikuta kwenye ngazi. Alisimama vidato viwili juu yangu.

"Faili langu huligusi bila mimi kuwepo."

"Sawa."

"Na mimi lako siligusi. Nisije nikatajwa."

"Sawa."

"Ukiwa na shaka yoyote, unaniuliza mimi. Si darasa. Mimi."

"Nitakuuliza wewe."

Alitazama nje, ambako ardhi ilikuwa inaanza kukauka pembeni. "Sijasamehe," alisema. "Nimekubali kufanya kazi. Usivichanganye."

Nimemwambia sitavichanganya.

Akashuka vidato viwili, akanipita, kisha akasimama bila kugeuka. "Siku ya kwanza naanza kuongea mimi. Yote niliyokuwa nayo siku zile tano. Wewe unakaa, unasikiliza, hukatizi. Nikimaliza, tunafungua kompyuta."

Nimekubali. Ni Jumatatu, Mei 6, saa tatu asubuhi, chumba cha juu.